Mtoto Anayeziba Masikio Bandarini

Katika bandari ya Rumonge, mngurumo wa boti, harufu ya dagaa na mawese, na msongamano wa abiria huwafikia watu wote, lakini hawavipokei kwa namna moja. Yupo mtoto anayeziba masikio filimbi ikilia. Yupo asiyevumilia kuguswa bega. Yupo aitwaye mara tatu asigeuke (huyu apimwe kwanza usikivu). Aliye zamu aweza kudhani ni ukaidi.

Wataalamu wa tiba kwa vitendo, wanaomsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku, hulipima jambo hili. Mmarekani A. Jean Ayres alilieleza kitabuni mwaka 1972. Mtaalamu humuuliza mlezi ni mara ngapi mtoto hushtushwa na sauti, hukataa nguo fulani au chakula chenye utelezi; kisha humtazama akila, akivaa, akicheza. Kinachotafutwa hasa ni iwapo hali hiyo yamzuia kula, kulala au kujifunza.

Nasi twawaomba wazazi wanaovuka ziwa: kabla ya ukaguzi, mwambieni askari kwamba mtoto hapendi kuguswa, naye awaachie ninyi kumvua koti na kufungua mfuko wake.