Je, Kilichoingia Ndani ya Seli Hutoka?

Tangu siku za Uviko-19 tumeulizwa mara nyingi swali lenye hofu ndani yake: zile chembe ndogo mno zilizobeba chanjo, je, hubaki mwilini milele? Swali hili lastahili kujibiwa kwa elimu, wala si kwa uvumi.

Chembe hizo huitwa chembe nano. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Chembe za chanjo za Pfizer na Moderna zina upana wa takriban nanomita 100, nazo zimetengenezwa kwa mafuta.

Seli hai imezungukwa na utando mwembamba. Chembe inapougusa, utando hubonyea kwa ndani, ukaizingira na kufanya kifuko kidogo kinachoingia katika seli. Hii ndiyo endositosisi, njia ileile ambayo seli hupokelea madini ya chuma kutoka katika damu. Kifuko huongezeka asidi, kisha huungana na lisosomu, yaani sehemu ya seli yenye vimeng'enya. Sehemu ndogo ya ujumbe wa chanjo huponyoka kabla ya hapo na kufanya kazi yake. Mengine humeng'enywa, au hurudishwa nje kifuko kinapoungana tena na utando. Huko kutoa nje huitwa eksositosisi.

Aliyebuni majina hayo mawili mwaka 1963 ni Christian de Duve, mgunduzi wa lisosomu na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974.

Hata hivyo, si kila kitu humeng'enyeka. Chembe za dhahabu huweza kukaa ndani ya seli kwa muda mrefu. Vumbi la silika la migodini, ijapokuwa kwa kawaida ni kubwa kuliko chembe nano, humezwa na seli za mapafu, likaharibu lisosomu na kuziua seli hizo. Mapafu hupata makovu yasiyopona.

Basi tusiishie kuuliza kama kitu kimeingia mwilini. Tuulize kimetengenezwa kwa nini, na kama seli inaweza kukivunja. Kuhusu chanjo, tuwaulize wataalamu wa afya. Nanyi ndugu zetu mnaochimba na kuponda mawe, lowesheni mawe kwa maji na mvae barakoa zifaazo.