Uboho wa Ndugu: Tuuze Shamba au Tungoje?



Katika mikutano ya jumuiya ndogo ndogo, wazazi wenye watoto wa sikoseli hutuuliza hivi: "Tumesikia ng'ambo wanabadilisha uboho na mtoto anapona kabisa. Je, tuuze shamba?" Hili si swali la kujibiwa haraka haraka. Wacha tuone kwanza matibabu haya yalitoka wapi, tukifuata maandishi ya daktari aliyefungua njia.

Uboho ni ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Humo mna chembe mama zinazozaa damu yote, pamoja na chembe za kinga. Mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uboho wake, halafu anatiliwa mwingine kwa mshipa, kama mtu anayeongezwa damu.

Mwaka 1957 Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani alichapisha habari za wagonjwa sita aliowatilia uboho wa watu wengine. Wote sita walifariki. Angeweza kunyamaza, lakini aliandika yote ili wengine wajue.

Shida ilikuwa kinga ya mwili. Mwili wa mgonjwa unaweza kuukataa uboho mgeni. Pia kinga inayotoka kwa mtoaji inaweza kumshambulia mgonjwa mwenyewe: ngozi, ini na matumbo. Katika miaka ya 1960 madaktari wengi walikata tamaa. Thomas na wenzake walirudi kufanya majaribio kwa mbwa, wakaona kwamba mbwa ndugu wenye alama za kinga zinazofanana ndio waliopona. Alama kama hizo kwa binadamu, Mfaransa Jean Dausset alikuwa ameeleza ya kwanza mwaka 1958.

Mwaka 1977 kikundi cha Thomas mjini Seattle kilichapisha hesabu ya wagonjwa 100 wa saratani ya damu, waliokuwa wamelemewa kabisa. Walipewa uboho wa ndugu waliolingana nao. Waliobaki hai bila saratani walikuwa 13. Mtu atasema ni wachache, lakini hesabu hiyo ilifundisha jambo: msingoje mpaka mwisho. Mwaka 1979 walichapisha habari za wagonjwa waliotibiwa mapema, na matokeo yakawa bora zaidi. Mkewe Dottie ndiye aliyekuwa akipitia na kusahihisha maandishi yake. Thomas alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990, akafariki mwaka 2012.

Na sikoseli je? Mwaka 1984 madaktari wa Memphis, Marekani, waliandika kuhusu msichana aliyekuwa na saratani ya damu na sikoseli pia. Baada ya kupewa uboho wa ndugu yake, magonjwa yote mawili yalitoka. Kwa hivyo ni kweli, inawezekana kupona.

Sasa turudi kwa lile shamba. Kabla hamjauza, ulizeni maswali haya:

1. Mtoaji ni nani? Mtoto hurithi nusu ya alama kwa baba na nusu kwa mama. Ndugu wa tumbo moja na baba mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa. Pimeni kwanza, kabla ya kutafuta mnunuzi.

2. Hospitali hiyo imetibu watoto wangapi wa sikoseli? Wangapi wamepona, na wangapi wamekufa? Anayetaja waliopona peke yao, msimpe pesa.

3. Mkirudi nyumbani, nani atamwangalia mtoto? Kwa miezi mingi kinga yake itakuwa chini, na atahitaji dawa na kliniki.

Wakati mnapotafuta majibu, msiache kliniki. Penisilini kwa watoto wadogo, chandarua, maji ya kunywa kwa wingi, na haidroksiurea kama daktari ameiandika, huokoa maisha hata pasipo kuuza chochote.

Na jambo la mwisho. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kuna nyumba ambamo mtoto akifa kwa sikoseli inasemwa ni kijicho cha jirani, na mdogo wake anayefuata hapimwi. Wekeni kadi za kliniki za watoto wote, hata za marehemu, na mje nazo. Wale wagonjwa sita wa 1957 hawakupona, lakini kwa kuwa kifo chao kiliandikwa, wengine walipona.