JOSEPHINE TEY NA WATOTO WALIOPOTEA

Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Lakini mwandishi mmoja wa Scotland alionyesha katika vitabu vyake kwamba lisemwalo pengine halipo kabisa, hata likisemwa kwa miaka mia nne.

Jina lake halisi lilikuwa Elizabeth MacKintosh. Alizaliwa Inverness mwaka wa 1896, akawa mwalimu wa mazoezi ya mwili, kisha akarudi nyumbani kumtunza baba yake. Michezo ya kuigiza aliiandika kwa jina la mwanamume, Gordon Daviot, na hadithi zake nyingi za upelelezi kwa jina la Josephine Tey. Yeye aliyeficha jina lake alipenda sana habari za watu waliopotea, na za watu waliojifanya wengine.

Kitabu chake "The Franchise Affair" cha mwaka wa 1948 kilitokana na jambo la kweli. Mwaka wa 1753 msichana wa London, Elizabeth Canning, alitoweka karibu mwezi mzima. Aliporudi, amedhoofu, alisema kwamba alifungiwa katika nyumba ya watu. Mwanamke mzee akahukumiwa kunyongwa. Baadaye mzee huyo alisamehewa, na Canning mwenyewe akaonekana ameapa uongo, akahamishwa Amerika. Alikuwa wapi mwezi ule? Hakuna ajuaye mpaka leo. Mwaka wa 1949 ilifuata "Brat Farrar", hadithi ya kijana aliyejifanya mrithi aliyepotea.

Lakini kitabu chake mashuhuri kupita vyote ni "The Daughter of Time", cha mwaka wa 1951. Mpelelezi Grant amelazwa hospitali, mguu umevunjika. Kwa kukosa kazi achunguza jambo la mwaka wa 1483: wana wawili wa Mfalme Edward IV, mmoja wa miaka 12 na mdogo wake, walitoweka katika ngome ya London. Vitabu vya shule vilisema kwamba waliuawa kwa amri ya ami yao, Richard III. Grant auliza: Nani aliandika? Aliandika lini? Nani alipata faida? Aona kwamba Thomas More, ambaye masimulizi yake yalifuatwa na wengi, alikuwa mtoto wa miaka mitano Richard alipotawazwa. Tena aliandika chini ya wafalme wa ukoo wa Tudor, waliomwondoa Richard.

Je, Richard hakuwa na hatia? Wanahistoria wengi hawakukubali. Mtaliani Dominic Mancini, aliyekuwapo London mwaka ule ule, aliandika kwamba watoto walizidi kuonekana kwa nadra hata wasionekane tena, na kwamba watu walikwisha shuku wameuawa.

Bibi Tey alifariki mwaka wa 1952. Mwaka wa 2012 mifupa ya Richard ilifukuliwa Leicester, mahali pa kuegesha magari. Adui zake walisema alikuwa na mgongo mbovu na mkono uliokauka. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kweli. Mikono ilikuwa mizima. Basi neno moja lilikuwapo, na la pili halikuwapo.

Wanafunzi wenzangu, mwenzetu akisingiziwa jambo bwenini au kijijini, tuulize maswali yale matatu ya Grant kabla hatujalipeleka neno mbele. Kuuliza si ujinga.