Kuchonga Ndege kwa Miti ya Shambani

Mkazi wa Kericho au Bomet anayetaka kuchonga ndege hana haja ya kuingia Msitu wa Mau kutafuta mbao. Mara nyingi mti anaouhitaji umesimama kwenye mpaka wa shamba lake la chai: mgrevilia uliozeeka, au mjakaranda ulioangushwa na upepo.

Uchongaji wa vinyago vya kuuza nchini Kenya una mizizi Wamunyu, Kaunti ya Machakos. Mutisya Munge, aliyerudi nyumbani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiye anayetajwa kuanzisha kazi hiyo kwa ujuzi alioupata kwa wachongaji wa Tanganyika. Majirani walimfuata, na kazi ikafika Nairobi na Mombasa. Zamani walitegemea mpingo na muhugu. Miti hiyo ilipoadimika, wengi waligeukia mjakaranda na mwarobaini, ambayo hupandwa na hukua upesi. Kwetu mwarobaini haustawi kwa sababu ya baridi, lakini mjakaranda haukosekani.

Ugumu wa huku ni mvua. Kericho hunyeshewa karibu kila mwezi, na mbao huchelewa kukauka. Ikikauka hunywea, tena sehemu ya nje hutangulia ya ndani. Hapo ndipo kifua cha ndege hupasuka, wakati mwingine mnunuzi akiwa ameshafika naye kwao. Kumweka juani au juu ya jiko huzidisha nyufa. Ni afadhali kulipasua gogo katikati ili moyo wa mti usibaki ndani ya kinyago, kupaka ncha zake nta au rangi kuukuu, kisha kuliinua kutoka ardhini mahali penye kivuli na hewa kwa miezi kadhaa. Wengine huchonga umbo kwa tezo mbao ikiwa mbichi, hulifukia katika maranda likauke polepole, na kumalizia baadaye kwa patasi, tupa na msasa. Unga wa mgrevilia huwasha ngozi za baadhi ya watu, basi mikono mirefu na kitambaa cha puani si anasa.

Anayejifunza hupewa msasa kwanza. Macho na mdomo humfikia baada ya miaka, maana mdomo ukichongwa kukingama nyuzi za mbao utavunjika siku ndege atakapoanguka mezani. Mchongaji mzoefu huligeuzageuza gogo muda mrefu kabla ya kulipiga tezo, akitafuta mahali ambapo shingo na mdomo vitafuata nyuzi. Ndege mwenye miguu mirefu huwekewa miguu ya waya au ya kijiti kingine.

Korongo mwenye taji, anayeitwa kong'ony kwa Kikalenjin, ndiye mtihani mkubwa kwa sababu ya shingo yake nyembamba. Ndege mwenyewe yuko hatarini: tangu 2012 ameorodheshwa duniani miongoni mwa ndege wanaokaribia kutoweka, kwa kuwa mabwawa yenye nyasi anamotaga yanakaushwa kwa kilimo, na mayai na makinda yake huibwa. Taji la kinyago litengenezwe kwa katani, si kwa manyoya yake halisi.

Upo pia mti wa kuachwa. Tendwet, ambao magome yake ni dawa, umewekewa masharti ya biashara ya kimataifa chini ya mkataba wa CITES tangu 1995. Mti wa asili ndani ya msitu wa serikali haukatwi bila idhini, hata kama ni tawi la kuchongea ndege mmoja.

Anayetaka kukata mti mkubwa shambani au kusafirisha magogo aanze kwa chifu na afisa wa misitu wa eneo lake, aulize kibali kinachohitajika kabla ya kuwasha msumeno. Karatasi inayoonyesha mbao ilitoka shamba gani itunzwe pamoja na hesabu za kazi, kwani wanunuzi wa nje ya nchi huiulizia.