Joto, Halijoto na Kazi: Nafasi ya Kitenzi katika Lugha ya Somo la Awali la Themodinamiki

Utangulizi

Mwanafunzi wa uhandisi anapoanza themodinamiki hukuta somo lenye milinganyo michache na maneno mengi. Kanuni ya kwanza, kwa mfumo uliofungwa, ina viambajengo vitatu tu: joto, kazi na badiliko la nishati ya ndani. Hisabati yake ya mwanzo haizidi kujumlisha na kutoa. Hata hivyo, wanafunzi wanaomudu hesabu ngumu zaidi hukwama hapa, na aghalabu hukwama kabla ya kuandika tarakimu yoyote, pale wanapotakiwa kuamua ni nini kimeingia katika mfumo na ni nini kimetoka.

Makala haya yanafafanua upande wa kiisimu wa ugumu huo. Hoja yake ni kwamba Kiswahili kina nyenzo za kutenganisha dhana za msingi za somo hili, ila nyingi ya nyenzo hizo zimo katika vitenzi na minyambuliko yake, ilhali kamusi za istilahi kwa kawaida hutafuta nomino. Suala hili lina uzito wa pekee nchini Tanzania. Mwanafunzi aliyepitia shule ya msingi ya umma alijifunza habari za moto, mvuke na barafu kwa Kiswahili, kisha akahamia Kiingereza sekondari na kuendelea nacho chuo kikuu. Mhadhara humfikia kwa lugha moja, na mabishano ya bwenini kuhusu mhadhara huohuo huendeshwa kwa nyingine.

Joto na halijoto

Katika matumizi ya kila siku, neno joto hubeba mizigo miwili. Tunasema joto la mgonjwa limepanda, tukimaanisha kile kinachosomwa kwenye kipimajoto. Tunasema pia jiko linatoa joto jingi, tukimaanisha kitu kinachotoka mahali na kufika pengine. Si sahihi kuuona mkanganyiko huu kuwa dalili ya uchanga wa Kiswahili. Ulaya nayo iliishi nao kwa muda mrefu, hadi Joseph Black, mwanakemia wa Uskoti, alipotofautisha dhana hizo mbili kwa vipimo katikati ya karne ya 18.

Mfano wa jikoni unatosha. Chukua sufuria yenye kilo 5 za maji ya nyuzi 40 za selsiasi, na kikombe chenye gramu 200 za maji ya nyuzi 90. Viache vyote vipoe hadi nyuzi 25. Kikombe kitatoa takriban kilojouli 54, na sufuria takriban kilojouli 314. Chenye halijoto ya chini ndicho kilichotoa joto jingi zaidi, karibu mara sita.

Istilahi halijoto imekwisha kuzoeleka vitabuni, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa istilahi zetu zilizoundwa kwa bahati njema. Kijenzi chake cha kwanza, hali, ndicho hasa kinachohitajika: halijoto ni sifa ya hali ya mfumo, na haijali mfumo ulifikaje hapo. Jotoridi na nyuzijoto, ambayo pia hutumika, hayana faida hiyo. Upatanisho wa kisarufi nao unasaidia, kwani joto limeongezeka na halijoto imeongezeka ni sentensi ambazo sikio huzitofautisha hata msemaji anapoharakisha.

Vitenzi vya kupata na kupasha

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye joto lenyewe. Kwa mwanathemodinamiki, joto si mali iliyohifadhiwa ndani ya kitu. Ni nishati iliyo safarini, inayovuka mpaka wa mfumo kwa sababu ya tofauti ya halijoto. Ikishavuka, haiitwi joto tena, bali huhesabiwa katika nishati ya ndani. Hapa nomino humpotosha mwanafunzi. Neno likishakuwa nomino, akili hulitafutia chombo cha kulitia. Sadi Carnot mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1824 kuhusu nguvu ya moto, alijenga hoja yake juu ya dhana ya kalori kama kiowevu kisichopotea.

Tazama sasa jinsi Kiswahili kinavyosema jambo hilo kwa kitenzi. Maji hupata moto, na mpishi huyapasha moto. Kitenzi pasha ni kauli ya kutendesha ya pata, kwa mabadiliko yaleyale ya kifonolojia yanayotupatia pisha kutokana na pita. Kupasha, basi, ni kufanya kitu kipate. Kinachotajwa ni tukio la upokeaji lenye mtoaji na mpokeaji. Ni kweli kwamba tunasema pia maji yana joto, na siwezi kudai kwamba wahenga walikuwa wanathemodinamiki. Ninachodai ni kwamba mwalimu anayesema gesi imepashwa kilojouli 50 anaeleza dhana kwa usahihi zaidi kuliko anayesema gesi ina joto la kilojouli 50.

Jozi poa na poza, yeyuka na yeyusha, chemka na chemsha zina kazi yake pia. Kilo moja ya barafu ya nyuzi 0 huhitaji takriban kilojouli 334 ili iyeyuke yote, na kilo moja ya maji yaliyofika nyuzi 100 katika kanieneo ya kawaida ya angahewa huhitaji takriban kilojouli 2,257 ili igeuke mvuke. Muda wote huo halijoto haipandi. Mwanafunzi anayefikiri kwa neno joto pekee hushangaa: joto linaingia, lakini joto haliongezeki! Akisema barafu inapashwa, inayeyuka, na halijoto yake imesimama, mshangao hauna pa kushika.

Kufanya na kufanyiwa kazi

Vitabu vya somo hili havikubaliani kuhusu alama ya kazi. Wahandisi wengi, wakirithi mtazamo wa injini, huhesabu kuwa chanya kazi inayofanywa na mfumo. Wanakemia wengi huhesabu kuwa chanya kazi ambayo mfumo umeipokea. Mwanafunzi anayesoma vitabu viwili huishia kukariri alama. Kiswahili humpa njia fupi: gesi inayotanuka na kuisukuma pistoni imefanya kazi, na gesi inayogandamizwa imefanyiwa kazi. Kiambishi cha kutendea pamoja na cha kutendwa huonyesha mwelekeo bila kutegemea alama. Gesi iliyopashwa kilojouli 50 na kufanya kazi ya kilojouli 20 imebaki na nyongeza ya kilojouli 30. Ingepashwa 50 na kufanyiwa kazi ya 20, nyongeza ingekuwa 70.

Kasoro zipo. Tunaposema friji haifanyi kazi, tunamaanisha kwamba imeharibika. Na barua iliyofanyiwa kazi katika ofisi zetu mara nyingi haijasogea hata sentimita moja. Dawa ya kasoro hiyo ni kutaja kiasi: kufanya kazi ya jouli 200 hakuna maana nyingine.

Mahali pa neno lenyewe

Kanuni ya pili, kwa namna aliyoieleza Rudolf Clausius katika miaka ya 1850, husema kwamba joto haliwezi kuhama lenyewe kutoka penye halijoto ya chini kwenda penye halijoto ya juu. Istilahi entropia, ambayo Clausius aliiunda mwaka 1865 kutokana na Kiyunani, haina haja ya kutafsiriwa. Ni ngeni kwa Mwingereza kama ilivyo ngeni kwetu, na kuiita vurugu ni kumwingiza mwanafunzi katika picha isiyopimika.

Panapohitaji uangalifu ni neno dogo lenyewe. Baada ya kitenzi, huonyesha kwamba uhamaji hautokani na msukumo wa nje. Likitangulizwa, yaani joto lenyewe haliwezi kuhama, huwa kisisitizi cha nomino tu, na sentensi inakuwa si kweli, kwani friji kila siku hutoa joto kwenye baridi na kulimwaga jikoni, kwa kuwa inafanyiwa kazi na mota. Peke yake nayo haifai kuchukua nafasi hiyo, maana yaweza kueleweka kuwa joto haliwezi kuhama bila kuandamana na kitu kingine, na mtahini akikuta jibu hilo atalazimika kukisia kama mwanafunzi ameshindwa fizikia au ameshindwa sentensi.