VIOLETI JUU YA MKONO WENYE GRISI

Ndugu mfanyakazi, umekwaruzika karakanani, unakuja disipansere mbio, mkono umejaa grisi, na unaniambia: «Muganga, nipake violeti nirudi kazini.» Mimi sipaki. Wengi wananikasirikia kwa jambo hilo. Leo sikiliza sababu yangu.

Violeti ilikuwa rangi ya viwandani kabla ya kuwa dawa. Mwaka 1884, huko Berlin, daktari wa Denmark Hans Christian Gram aliitumia kupaka vijidudu rangi ili vionekane kwa mikroskopu. Mwaka 1912 Mmarekani John Churchman alionyesha kwamba inazuia baadhi ya vijidudu visiongezeke.

Inashikaje? Tazama betri ya taa yako ya kichwani: ina upande wa + na upande wa –. Kila kichembe cha violeti kikiwa ndani ya maji kinabeba chaji ya +. Ngozi na vijidudu vina chaji ya – juu yao, basi violeti inavifuata na kuvigandamia. Lakini mafuta hayakaribishi kitu chenye chaji. Nilitia maji katika chupa ndogo, tone moja la violeti, na petroli ya taa juu yake, nikatikisa, nikaacha itulie. Petroli ilipanda ikiwa nyeupe kama mwanzo; zambarau yote ilibaki chini. (Usifanye jaribio hili kwa chupa ya limonadi na kuisahau mezani. Mtoto atakunywa petroli.)

Wewe wa Baraka unajua jambo hilo bila chupa: motopompe au mtumbwi wa mota ukimwaga mafuta ziwani, yanatandaa juu ya Tanganyika, wala hayachanganyiki. Grisi juu ya kidonda ni vivyo hivyo. Dawa inasimama mpakani, vijidudu viko chini vimelala salama.

Miaka iliyopita nilimpaka fundi mmoja namna hiyo, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Kidole kiligeuka zambarau nzuri, akaondoka akiwa ameridhika. Siku ya nne alirudi na homa, mkono umevimba mpaka kiwiko. Rangi ilikuwa bado inang'aa juu ya usaha. Tulimpeleka hospitali kubwa, kidole kikapasuliwa. Hakikukatwa, lakini mpaka leo hakikunjiki vema.

«Basi ninawe kwa sabuni, halafu unipake?» Ndiyo, lakini suuza kwa maji mengi. Kichembe cha sabuni kina mkia unaopenda mafuta na kichwa chenye chaji ya –. Kikikutana na violeti, + na – zinashikana, chaji inazimika, na wawili hao wanaacha maji na kukimbilia mafutani. Watu wa maabara wanatumia tabia hiyo kwa ndugu yake violeti, buluu ya metileni: wanatikisa maji machafu pamoja na kloroformu, na buluu inayohamia humo inawaambia maji yana sabuni ya unga kiasi gani. Kwako wewe maana yake ni kwamba sabuni iliyobaki kidoleni inakamata dawa kabla haijafika.

Grisi ngumu usiitoe kwa gazoili wala esansi. Zinachoma ngozi na kuikausha. Kama ngozi ni nzima, paka mawese kidogo, kwani mafuta hutoa mafuta, halafu sabuni, halafu maji. Mawese yasiingie kidondani.

Tena, violeti siyo ya kila kidonda. Ndani ya kidonda kilicho wazi inaweza kuacha alama isiyofutika kama chale. Mwaka 2019 wizara ya afya ya Kanada iliwaonya watu wake waache kuitumia, kwa sababu ya hatari ya kansa. Kwa mkwaruzo wa kawaida, maji safi na sabuni yanatosha, na kitambaa safi juu. Ukiona wekundu unapanda mkononi, au homa, njoo siku ileile, hata usiku. Gonga dirisha la upande wa mwembe.