Je, Gemu Hunoga Zaidi kwa Kutikisa Mkono?

Ukija kwetu ukakaa sebuleni, tazama juu. Panka la dari lina pengo kwenye ubawa mmoja, na kila likizunguka hutoa mlio kama wa kunguru aliyechoka. Aliyelivunja ni mpwa wangu wa miaka 13. Alikuwa amesimama katikati ya zulia, rimoti nyeupe ya gemu mkononi, akainua mkono juu kwa nguvu kama mtu anayechomoa upanga alani. Ndivyo gemu ilivyomtaka afanye. Kwenye runinga shujaa akaelekeza upanga wake mbinguni, ukajaa nguvu ukang'aa. Huku kwetu ikasikika "ta!" na kipande cha panka kikaruka mpaka kwenye kabati la vyombo. Mkono wenyewe, alhamdulillahi, ulisalimika.

Mamangu akatoka jikoni na mwiko. "Nyinyi mnacheza ama mnapigana?"

Sikuwa na jibu siku ile. Leo najaribu kulijibu, kwa sababu wazazi wenzangu huniuliza jambo lile lile kwa njia nyingine. Jamaa anarudi likizo kutoka Dubai au Maskati na mashine ya gemu iliyotumika, mtoto anaililia, na mzazi anataka kujua: hizi za kutikisa mkono ni bora kuliko za kubonya vitufe, ama ni mbwembwe tu? Vibanda vyetu vya gemu mitaani havisaidii sana kujibu, maana kule ni mpira asubuhi, mpira jioni. Mimi nazungumzia gemu za kisa, zile zenye shujaa, safari, mapango, mafumbo na mazimwi, ambazo mtu huzicheza kwa majuma kama anayesoma hekaya ndefu.

Kwanza tuelewe rimoti yenyewe inajuaje kwamba mkono umesogea. Mashine iliyolieneza jambo hili ni Wii ya kampuni ya Nintendo ya Japani, iliyotoka mwishoni mwa 2006 na kuuzwa zaidi ya milioni 100 duniani. Ndani ya rimoti yake mna kifaa kidogo kiitwacho akselerometa, ambacho huhisi mvuto wa ardhi na mtikiso. Ukiiinamisha rimoti, kinajua. Ukiipunga, kinajua kwamba imepungwa. Lakini ukiigeuza polepole kutoka kushoto kwenda kulia ikiwa imelala sawa, hakijui, kwa sababu mvuto wa ardhi haukubadilika. Kwa kulenga kwenye skrini rimoti ina jicho, yaani kamera ndogo kwenye ncha yake, inayotazama taa za infraredi ndani ya kile kijiti kinachowekwa juu au chini ya runinga. Wengi hudhani kijiti hicho ndicho kinachowaona wao. Sivyo, hicho ni taa tu, na kuna watu waliokiondoa wakaweka mishumaa miwili na rimoti ikalenga vizuri. Ndiyo maana pia jua likiingia dirishani moja kwa moja, kama lile letu la saa kumi, huweza kuivuruga shabaha. Funga pazia.

Mwaka 2009 Nintendo wakaongeza jairoskopu, kifaa kinachohisi mzunguko wa kila upande. Sasa rimoti ikaweza kujua mkono umeelekea wapi hasa, si kwamba umetikisika tu. Tofauti hii ndiyo kiini cha maneno yangu yote, kwa hivyo nitaieleza kwa gemu mbili za ukoo mmoja.

Ya kwanza ni The Legend of Zelda: Twilight Princess, iliyotoka pamoja na Wii mwaka 2006. Ilikuwa imetengenezwa kwa mashine ya zamani ya vitufe, GameCube, kisha ikaletwa kwenye Wii. Shujaa wake, Link, kwa asili ni mtu wa mkono wa kushoto. Kwa kuwa wachezaji wengi wangepunga rimoti kwa mkono wa kulia, watengenezaji wakaugeuza ulimwengu mzima kama picha kwenye kioo. Jangwa lililokuwa magharibi likahamia mashariki, na Link akawa wa kulia. (Bibi zetu waliokuwa wakitupiga vidole tukilia chakula kwa kushoto wangefurahi.) Kazi yote hiyo, lakini upanga wenyewe ulikuwa je? Pungia kushoto, pungia kulia, pungia chini, ni pigo lile lile. Mkono umechukua kazi ya kitufe na haukuongeza neno. Mpwa wangu aligundua ndani ya siku mbili kwamba anaweza kulala kwenye kochi akitingisha kiganja kama anayefukuza nzi, na mazimwi yanakufa vile vile.

Ila gemu hiyo hiyo ina sehemu moja iliyonifanya nibadili mawazo, nayo ni uvuvi.

Mwanzoni mwa kisa kuna kijiji, na kijijini kuna paka aliyekimbia nyumbani. Ili arudi inabidi umvulie samaki. Kwenye Wii unaishika rimoti kama fimbo ya kuvulia, unatazama chelezo juu ya maji, na kikizama unainua mkono. Mpwa wangu alikuwa akiwakosa samaki wote. Mamangu, binti wa mvuvi wa Gazi, ambaye maishani mwake hajawahi kushika padi ya gemu na akiiona huiita "hilo dude lenu", alikuwa akichambua mchele pembeni. Akavumilia mara tatu. Mara ya nne akaweka ungo chini.

"Lete hapa, mjukuu wangu. Samaki havutwi hivyo, unamtisha. Mwache ameze."

Akashika rimoti kwa mkono wa unga, akangoja, chelezo kikazama, akainua mara moja tu. Samaki huyo. Hakuna aliyemfundisha. Hakuuliza kitufe kiko wapi. Kile alichokijua mkono wake tangu utotoni kilitosha, kwa sababu swali lililoulizwa na gemu lilikuwa swali la mkono: lini, na kwa nguvu gani? Padi ya vitufe kumi na kijiti viwili ingemfungia mlango kabla hajaanza.

Sasa gemu ya pili, ile iliyovunja panka. Skyward Sword ilitoka 2011 na haikuweza kuchezwa bila jairoskopu. Humo upanga unafuata mkono. Zimwi likikinga upande wa kulia, pigo la kulia linagonga chuma. Lazima ulipige kutoka kushoto. Ua kubwa lenye mdomo hufungua mdomo ama kwa wima ama kwa ulalo, nawe lazima ukate kwa mwelekeo huo huo. Mlango mmoja unalindwa na jicho linalofuata ncha ya upanga wako, na hufunguki mpaka uzungushe ncha hiyo mviringo hadi jicho lipate kizunguzungu. Bomu unalivingirisha chini kama tufe.

Kilele ni adui wa kwanza mkubwa, bwana mmoja mwenye madaha aitwaye Ghirahim. Anakujia mikono mitupu, kiganja kimoja mbele, na kiganja hicho kinaufuata upanga wako popote unapoupeleka. Ukimpiga upande anaokungojea, anaudaka kwa vidole viwili na kukucheka. Nguvu hazisaidii hapa. Dawa yake ni hila: unaushika upanga kulia ili mkono wake uje kulia, kisha ghafla unampiga kutoka upande mwingine. Wacheza bakora wa Lamu wataelewa bila kuelezwa. Mwendo wa mkono umekuwa ndio fikra yenyewe, na mtu akimshinda Ghirahim kwa njia ile anahisi ameshinda kwa mwili wake. Sijaona kitufe kilichonipa hisia hiyo.

Hata hivyo gemu ile inachukua saa zaidi ya 30 kuimaliza. Gemu ya karamu ya kupiga tufe ukicheza dakika kumi, ukicheka ukakaa, mkono hauchoki. Lakini hekaya ya majuma mawili ambayo kila zimwi dogo la njiani linataka upige kwa mwelekeo kamili, na ndege unayempanda umwongoze kwa kuinamisha kiganja, na kinubi ukipige kwa kupeleka mkono huku na huku? Tena jairoskopu ina tabia ya kupotea dira kidogo kidogo, kwa hivyo gemu iliweka kitufe maalumu cha kuirudisha shabaha katikati, na wachezaji wengi walikilalamikia kwa kukihitaji mara kwa mara. Mwendo uliokuwa fikra kwa Ghirahim unakuwa kibarua kwa popo wa pangoni.

Nintendo si peke yao waliojaribu. Sony walitia vihisi ndani ya padi ya PlayStation 3, na katika Uncharted ya kwanza ya 2007 shujaa akivuka gogo ilibidi uinamishe padi asianguke. Mwaka huo huo ikatoka Lair, gemu ya kupanda majoka, ambapo joka liliongozwa kwa kuinamisha padi tu, utake usitake. Ilishutumiwa vikali, na 2008 Sony wakatoa nyongeza iliyowaruhusu watu watumie kijiti. Sina zaidi la kusema juu yake.

Linalonigusa zaidi liko nyumbani. Mpwa wangu ana dada yake wa miaka 16. Mkono wake wa kulia ni dhaifu tangu kuzaliwa. Anaweza kushika kitu kilicholala mapajani, lakini kuunyanyua na kuusukuma mbele hawezi. Yeye ndiye hasa mpenzi wa hekaya. Hukumbuka majina yote, nani alimsaliti nani, ufunguo uliachwa pango gani. Kwenye Skyward Sword ya Wii mkono mmoja ni upanga na mwingine ni ngao, na ngao huisukuma mbele kwa kuusukuma mkono wenyewe. Alijaribu jioni nzima. Kisha akamrudishia nduguye rimoti, akasema, "Wewe cheza, mimi nitakusomea maneno." Akakaa kwenye mkeka kama mkalimani wa safari isiyo yake.

Nilijiuliza siku ile: mlango uliofunguliwa kwa bibi ndio huo huo uliofungwa kwa mjukuu?

Julai 2021 Nintendo waliitoa tena gemu hiyo kwa mashine ya Switch, na safari hii waliweka njia mbili. Anayetaka kupunga apunge. Asiyetaka, kijiti cha kulia kinakuwa upanga: ukikisukuma kushoto pigo linakwenda kushoto, ukikisukuma juu linakwenda juu, na ngao ni kubonya tu. Kuna walioona kijiti hakina ladha, na pia kwamba ukitaka kugeuza macho ya kamera inabidi ushikilie kitufe kingine, jambo linalochosha vidole. Ni kweli. Lakini hila ya Ghirahim imebaki nzima, kwa sababu swali bado ni upande gani na lini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uzuri wa gemu ile ulikuwa katika lile swali la upande na wakati, na mkono uliopungwa ulikuwa njia moja ya kulijibu.

Watengenezaji nao wanaelekea waliona hivyo. Hidemaro Fujibayashi, aliyeiongoza Skyward Sword, ndiye aliyeongoza Breath of the Wild ya 2017, na humo upanga umerudi kwenye kitufe. Kilichobaki zaidi ni kulenga upinde kwa kuinamisha padi kidogo, na unaweza kukizima. Kwangu mimi hilo ndilo tumizi bora kuliko yote. Kijiti cha kidole gumba kinaiambia gemu kasi tu, "endelea kwenda kulia", na unakiachia ukikisia umefika. Kiganja kinaiambia mahali, "hapa". Kwa hivyo unageuka kwa kijiti, kisha unamalizia shabaha kwa kiganja, mwendo mdogo usiozidi wa kugeuza kikombe cha kahawa. Hauchoshi, wala hautafuti panka.

Basi anayeniuliza anunue ipi namjibu hivi: tazama kama gemu inakuuliza swali ambalo mkono unalijua, na tazama kwenye mipangilio kama inaruhusu njia nyingine. Ikikosa la kwanza ni mbwembwe. Ikikosa la pili, fikiria kwanza nani mwingine nyumbani angependa kucheza.

Switch tuliyoazima kwa binamu iko kwetu hadi mwisho wa mwezi. Msichana wetu huiweka padi mapajani, kidole gumba cha kulia kwenye kijiti, na Alhamisi iliyopita baada ya isha alimlaghai Ghirahim mara ya tatu, akampiga. Nduguye anashikilia kwamba huo si upanga, ni kijiti tu. Wamebishana mpaka bibi yao akawazimia taa, halafu akauliza kama kwenye hii mpya pia kuna samaki.